Paka wa ndani, paka shume, na kisa cha paka wa Msikiti wa Amru

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Ndugu zangu, wiki hii dada yetu mmoja ameniletea swali faraghani. Nyumbani kwake ana paka jike, amemfuga mwaka wa tatu sasa. Tangu Shaaban akaanza kuja paka shume, mchafu, sikio moja limeraruka. Siku za mwanzo walikuwa wakifokeana usiku kucha. Baadaye yule wa ndani akawa anatoka mwenyewe kumfuata ukutani. Leo wanalala pamoja kibarazani, na yule wa ndani akiwekewa dagaa anakula kidogo, anarudi nyuma, anamwachia mgeni wake. Mume amechoka. Anasema paka aliyemkubali ni mmoja, huyu wa pili hakumwita, na kiroba cha kumtilia akamtupe mbali kishapatikana. Dada anauliza: huyu wa nje ana haki gani juu yetu?

Nimeona nisimjibu peke yake. Jambo hili lina historia katika dini yetu, na ni historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake kuna paka aliyemfanya mtu mzima, mwenye cheo, aache mshahara wa dola.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe kwanza lisilokuwepo. Kila mwaka naletewa ile picha yenye maneno kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, akalala juu ya mkono wa kanzu yake, na Mtume akaukata mkono wa kanzu asimwamshe. Ndugu zangu, kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi. Hakimo kwa Bukhari, hakimo kwa Muslim, hakimo katika Sunan. Kilichomo katika vitabu vya tarekhe, na Imam Dhahabi amekitaja, ni kwamba jambo kama hilo lilimtokea Sheikh Ahmad ar-Rifa'i wa Iraq, aliyefariki mwaka 578 H (1182). Paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, wakati wa swala ukaingia, akaukata, akaenda kuswali, aliporudi akaushona. Huyu ndiye sheikh ambaye tarika yake ya Rifaiyya inajulikana mpaka Unguja. Basi kisa ni kizuri, lakini mwenyewe ni Sheikh Rifa'i, tena baada ya miaka zaidi ya 500 tangu Hijra. Kumzulia Mtume (S.A.W.) jambo, hata liwe zuri namna gani, ni hatari. Na hatuna haja ya kuzua, maana yaliyosihi yanatosha.

Sasa twende Madina.

Sahaba Abu Qatada (R.A.) alikwenda nyumbani kwa mwanawe. Mkwewe, Kabsha binti Kaab bin Malik, akamtilia maji ya udhu. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Kabsha akawa anamtazama. Mzee akaliona lile jicho, akamuuliza kama anastaajabu, naye akasema ndiyo. Ndipo akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaozunguka kwenu, waume na wake. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik, na kwa Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah.

Hilo neno "wanaozunguka", kwa Kiarabu tawwafin, tusilipite haraka. Wanazuoni waliliunganisha na aya ya 58 ya Surat an-Nur, inayowataja watumishi na watoto wadogo kwamba nje ya nyakati tatu za faragha wao huingia na kutoka bila kubisha hodi, kwa kuwa ni watu wa kuzunguka nyumbani. Lau wangelazimika kubisha kila mara, nyumba ingekuwa tabu tupu. Paka amepewa hukumu kwa sababu hiyohiyo. Ni mwenye kuingia bila hodi. Huwezi kumzuia mlango wote, dirisha lote, ukuta wote, basi sheria ikakuondolea uzito. Wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu maji aliyokunywa paka ni tohara. Wenzetu Mahanafi wanaona ni makuruhu kuyatumia yakiwepo mengine, na wana dalili zao.

Lakini angalia: ni paka yupi aliyepewa ruhusa hii? Mapokezi hayasemi kuwa paka wa Kabsha alikuwa wake. Yanasema tu akaja paka. Vivyo hivyo kwa Mama wa Waumini Aisha (R.A.). Bibi mmoja alitumwa na bibi yake ampelekee harisa, chakula cha ngano na nyama ambacho sisi twakiita bokoboko. Akamkuta anaswali. Aisha akamwashiria akiweke chini. Akaja paka akala sehemu. Aisha alipomaliza swala, akala kutokea palepale alipokula paka, akaeleza kuwa alimwona Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa maji yaliyobakishwa na paka. Imepokewa na Abu Daud. Hapo tena hakuna aliyeuliza paka huyu ni wa nani. Hukumu ya tohara haikugawa baina ya paka wa ndani na paka shume. Wote ni wazungukaji.

Mwenye paka wa kwake tunayemjua kwa jina ni Abu Huraira (R.A.), na jina lenyewe lilitokana na hilo. Tirmidhi amepokea kwamba alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake, na alikuwa na kipaka. Usiku alikiweka mtini, mchana akaenda nacho machungani akicheza nacho. Na sahaba huyuhuyu ni mmoja wa waliotupokelea ile hadithi nzito, iliyomo kwa Bukhari na Muslim kutoka kwake na kwa Ibn Umar, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini.

Hapa ndipo jibu la dada yetu lilipo. Hadithi ile imefungua milango miwili tu: mlishe, au mwache huru ajitafutie. Paka wa ndani, uliyemzoesha sahani akasahau kuwinda, nafaka yake ni wajibu juu yako, hilo mafaqihi hawana mzaha nalo. Paka shume si wajibu wako. Ukimpa ni sadaka, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu thawabu katika wanyama alibainisha kuwa kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kina ujira. Basi mume wa dada yetu akisema kwamba hana deni la kumnunulia dagaa paka wa pili, kasema kweli, na mke asimlazimishe. Lakini kiroba hakimo katika ile milango miwili. Shume ana mtaa wake. Anajua jaa lipi lina vichwa vya samaki, anajua mbwa yuko wapi na maji yako wapi. Ukimfunga gizani ukamtupa mahali asipopajua, penye paka wengine wenye mipaka yao, hukumwacha huru ajitafutie, umemwondolea hata alichokuwa nacho. Paka anayekula vifaranga au kujeruhi watoto ana hukumu yake nyingine, na kumzuia kunaruhusiwa. Huyu wa swali letu kosa lake ni kupata rafiki.

Na urafiki wao si jambo la kuchekwa. Paka hatambuani kwa sura, anatambuana kwa harufu. Ukiwaona wanasuguana vichwa na mbavu ujue wanachanganya harufu zao mpaka iwe moja, na wakishafika hapo, wa nje si mgeni tena kwa wa ndani. Inachukua majuma, wakati mwingine miezi. Wengine hawafiki kabisa, wanapigana mpaka mmoja ahame.

Sasa nije kwenye kisa nilichokiahidi.

Twende Misri, karne ya tano ya Hijra. Katika mji wa Fustat, jirani na Cairo, upo msikiti ulioasisiwa na sahaba Amru bin al-Aas (R.A.) mwaka 21 H, wa kwanza katika ardhi ya Misri. Zama hizo Misri ilitawaliwa na dola ya Fatimiyya, na mtawala wake alikuwa al-Mustansir, aliyekaa madarakani karibu miaka 60. Katika utawala wake, kuanzia mwaka 457 H (1065) hadi 464 H (1072), maji ya mto Nile yakapungua, askari wakapigana wao kwa wao, na njaa ikashika miaka 7 kiasi ambacho watu walikula mbwa na paka. Wanahistoria wa Misri wanaisimulia njaa ile kwa masikitiko mpaka leo. Kumbukeni hilo, maana mtu wetu aliishi Misri miaka hiyo.

Mtu wetu ni Abul Hasan Tahir bin Ahmad, maarufu kwa jina la Ibn Babashadh. Asili ya ukoo wake ni Daylam, katika nchi za Wafursi, lakini yeye alikuwa imamu wa nahau wa Misri katika zama zake. Waliosoma nahau madrasa wanaweza kuwa wamelisikia jina lake, kwa Muqaddima yake na kwa sharhi yake ya kitabu cha Jumal cha Zajjaji. Dola ilimwajiri katika Diwani ya Inshaa, ofisi ya barua za serikali. Kazi yake ilikuwa hii: barua haitoki kwenda kwa wafalme na magavana mpaka ipite mikononi mwake aitazame lugha. Kukiwa na kosa, analisahihisha, au mwandishi anarudishiwa. Kwa kazi hiyo alikuwa na mshahara kila mwezi kutoka hazina. Kazi safi, ya kivulini, ya heshima. Nani kati yetu asingeitaka?

Kadhi na mwanahistoria Ibn Khallikan ametuhifadhia kilichotokea. Siku moja Ibn Babashadh alikuwa juu ya paa la msikiti, anakula na watu. Akaja paka. Wakamtupia tonge. Paka akaliuma asilimeze, akaondoka nalo. Punde akarudi. Wakamtupia jingine, akaliuma, akatoweka. Akarudi tena. Ikawa hivyo mara nyingi, wanatupa, anachukua, anarudi. Wakaanza kutazamana. Chakula kile kilikuwa kingi mno kuliwa na paka mmoja, na muda wa kwenda na kurudi ulikuwa mfupi mno.

Wakainuka wakamfuata. Akapanda ukuta juu ya paa, akashuka upande wa pili, mahali palipokuwa kama gofu la nyumba. Wakachungulia. Mle mlikuwa na paka mwingine, kipofu. Yule wa kwanza akaliweka tonge mbele yake, na kipofu akala.

Nataka mlione jambo hili vizuri. Paka aliyekuja kwa watu alikuwa amezoea watu. Alijua saa ya chakula, alijua mikono inayotupa. Yule wa gofuni hakuna aliyejua kuwa yupo. Hakuweza kuja juu, hakuweza kuona tonge wala mtupaji. Riziki yake yote ilipita katika mdomo wa mwenzake mwenye njaa kama yeye. Na mwenzake, akiwa na tonge mdomoni, tena paka, mnyama tunayemwita mwizi na mroho, hakumeza.

Ibn Babashadh akasimama pale. Akasema, kwa maana yake, kwamba ikiwa mnyama huyu asiye na ulimi Mwenyezi Mungu amemdhalilishia paka mwenzake amhudumie, wala hakumnyima riziki, vipi atampoteza mtu mfano wangu? Kisha akaenda akaacha kazi ya Diwani. Akauacha na mshahara. Akajifungia katika chumba pale msikitini, akawa wa ibada na elimu.

Ndugu zangu, hapa mimi nina neno, na najua baadhi ya masheikh wenzangu hawatalipenda. Kisa hiki kinasimuliwa kwenye mimbari kama ushahidi wa kuacha kazi. Nimemsikia mtu akiwaambia vijana, kaa msikitini, paka kipofu alilishwa, nawe utalishwa. Subhana'llah! Kijana ana macho mawili, ana mikono, ana mama mgonjwa nyumbani, unamwambia awe paka kipofu?

Kuna kisa kingine cha zamani zaidi kinachofanana na hiki, na jibu lake limo ndani yake. Wanasimulia kuwa Shaqiq wa Balkh alitoka safari ya biashara, njiani akaona ndege aliyevunjika bawa mahali pasipo kitu, na ndege mzima akimletea chakula mdomoni. Shaqiq akasema Mwenye kumruzuku huyu ataniruzuku na mimi, akaacha biashara. Alipokutana na Ibrahim bin Adham akamweleza. Ibrahim akamuuliza kwa nini alichagua kuwa yule aliyevunjika, asichague kuwa yule mzima anayelisha, na ilhali mkono wa juu ni bora kuliko wa chini kama alivyofundisha Mtume (S.A.W.)? Wanasema Shaqiq aliushika mkono wa Ibrahim akaubusu.

Hilo ndilo swali la kulipeleka juu ya paa la Fustat. Wale watu waliona paka wawili. Kwa nini sisi kila tukisimulia tunajiweka upande wa kipofu? Aliyepanda ukuta, akashuka, akapanda tena, ni yule mwingine.

Na simlaumu Ibn Babashadh, Allah amrehemu. Aliyoyafanya katika chumba kile si uvivu. Alikusanya humo maandiko ya nahau ambayo Ibn Khallikan anasema lau yangenakiliwa vizuri yangekaribia majuzuu 15. Wanavyuoni waliokuja baada yake waliyaita Taaliqi ya Chumbani, yakawa yanarithiwa, sheikh kwa mwanafunzi wake, kizazi baada ya kizazi. Basi hata yeye alikuwa anabeba tonge kupeleka kwa wasioona, kwa njia yake. Aliacha kusahihisha barua za wafalme, hakuacha kazi. Ndani ya msikiti huohuo ndipo alipofia. Usiku mmoja wa Rajab mwaka 469 H (1077) alitoka chumbani akapanda juu ya paa, mguu ukateleza katika tundu la mwanga, akaanguka ndani ya msikiti. Kulipokucha alikuwa maiti.

Huyo Ibn Khallikan aliyetupokelea haya alikuwa kadhi mkuu wa Damascus katika zama za Sultan Baybars, yule aliyewashinda Wamongolia na kuwabana Wapiganaji wa Msalaba. Nalitaja hili kwa sababu Baybars naye ana habari na paka. Alijenga msikiti mkubwa nje ya Cairo upande wa kaskazini, katika miaka ya 1267 hadi 1269, na jirani yake palikuwa na bustani aliyoiweka wakfu kwa paka wasio na watu. Mapato ya bustani yawanunulie chakula. Watu wakaiita Ghayt al-Qitta, yaani shamba la paka. Fikirini, mtu wa vita kama yule, akaketi na makarani wakaandika hati ya wakfu kwa ajili ya paka shume! Si paka wa ikulu, hao walikuwa na wapishi. Wa nje.

Baybars alifariki 676 H (1277). Zaidi ya miaka 550 baadaye, Mwingereza mmoja, Edward William Lane, alikaa Cairo akajifunza Kiarabu na kuandika desturi za watu wa Misri, kitabu kikatoka mwaka 1836. Ameandika alichokikuta. Bustani ilikuwa imeuzwa na wasimamizi wake, ikauzwa tena na tena, mpaka kilichobaki kwa paka ni kodi ya ardhi ya qirsh 15 kwa mwaka. Na wasimamizi wa wakfu wanajulikana, hata huku kwetu viwanja vya wakfu vimeliwa namna hiyohiyo, niishie hapo. Lakini kadhi mkuu wa Cairo, kwa kuwa ndiye mlinzi wa wakfu zote za sadaka, aliona deni halijafa kwa sababu shamba limeliwa. Akalibeba yeye. Kila alasiri chakula kililetwa katika uwanja mkubwa wa mahakama, na paka wa mjini wakakusanyika pale kula. Lane anasema pia kwamba siku za karibuni ulishaji ule ulikuwa umezorota.

Ameongeza jambo moja dogo, nalo namwachia mwenye kiroba. Watu wa Cairo, mtu akichoka na paka wake na akataka kumwondoa nyumbani, alikuwa akimchukua mpaka nyumbani kwa kadhi, akamwachia uwanjani, penye chakula na penye paka wenzake.

Wallahu aalam.